Kimya cha Siku Kumi na Tano

Baba wa babu yake alikuwa mhunzi, na watu walimwita Kauli Moja, kwa sababu akishataja siku ya kukabidhi jembe, jembe lilikabidhiwa siku hiyo, jua liwake, mvua inyeshe. Babu yake aliitwa Mkono Hautetemeki. Ndiye aliyefua bawaba za mlango wa mahakama ya kwanza ya mji, bawaba ambazo hadi leo hazijatoa mlio. Baba yake aliitwa Bwana Kipimo. Huyo ndiye aliyenunua mashine ya kwanza ya kukereza chuma katika mtaa ule, akawafundisha vijana wa wakati wake kwamba hata unene wa unywele una namba yake. Katika watu hao watatu hakuna aliyepata kufikishwa barazani kwa kosa. Waliitwa barazani kuwaamua wengine.

Katika mstari huo ulionyooka ndimo alimotoka mzee wa habari hii. Mbele yake mafundi walimwita Bwana Mkubwa. Nyuma yake walimwita Mzee Nukta, kwa kuwa kila alipokata shauri alilifunga kwa neno hilo moja, "Nukta," kama mwalimu anayesomesha imla. Naye alilijua jina hilo, na kwa siri lilimpendeza.

Karakana yake ilikuwa banda refu la bati mwishoni mwa mtaa wa maghala. Ukiingia, kitu cha kwanza kukupokea kilikuwa joto la tanuri, kisha harufu ya mafuta ya mashine, kisha ule mlio wa chuma kinachokerezwa ambao mgeni huuzibia masikio na mwenyeji hausikii tena. Mafundi arobaini na mmoja walifanya humo kazi ya aina moja tu: walitengeneza flanji, yaani ile pete nene ya chuma yenye matundu ya bolti pembeni, inayoshikanisha bomba na bomba ili maji yasivuje. Watu hunywa maji maisha yao yote bila kujua kwamba pete hiyo ipo. Mzee Nukta hakuwalaumu. Alikuwa akisema kwamba siku flanji itakapojulikana na watu, ndipo itakapokuwa imeanza kuvuja.

Katikati ya banda ilikaa fuawe ya Kauli Moja, pande la chuma la kufulia vyuma, imelika katikati kama kiti cha mtu aliyekaa miaka mia. Hakuna aliyefulia kitu juu yake tena. Ilikuwa na kazi nyingine. Kila Jumatatu asubuhi, kabla tanuri halijawashwa, mafundi walipanga mstari, na mzee akasoma mashauri ya juma zima. Mwisho wa kila shauri aliuliza, "Kuna neno?" Akangoja kwa muda wa pumzi tatu. Wakinyamaza, wamekubali. Hapo alichukua nyundo, akaigonga fuawe mara moja, akasema, "Nukta." Baada ya pigo hilo moja hakuna kinywa kilichofunguliwa juu ya shauri lile, si siku hiyo wala mwaka mwingine.

Desturi hiyo haikuanza kwa ukatili. Aliiweka Bwana Kipimo, baada ya mafundi wawili kubishana juu ya kipimo huku chuma kikiwa motoni, mmoja wao akaacha vidole vitatu pale pale. Lakini jambo linaloanza kwa ajili ya usalama wa vidole huweza kupanda likafika kwenye ulimi. Miaka ilivyokwenda, zile pumzi tatu zikawa mbili, kisha zikawa moja, na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho mtu alipojibu, "Ndiyo, Bwana Mkubwa, lipo neno."

Sasa, miaka mitano nyuma, flanji za kigeni zilikuwa zimeingia nchini kama mafuriko. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa, chini hata ya bei ya chuma ghafi kilichotumika kuzitengeneza. Karakana mbili jirani zilifunga milango. Mzee Nukta alivaa koti lake jeusi, akatia flanji mbili katika mfuko wa turubai, akaenda kwa miguu yake mwenyewe hadi ofisi za tume ya biashara ya serikali. Aliziweka mezani, zikalia ndo! hata karatasi zikaruka.

"Hii yangu, hii yao," aliwaambia. "Kwao wenyewe wanaiuza ghali kuliko wanavyoiuza hapa kwetu. Mtu anayekubali kuniuzia kitu kwa hasara, mwulizeni ni kitu gani kingine anachotaka kununua."

Tume ilichunguza miezi minane, ikamwona ana haki. Flanji za kigeni zikatozwa ushuru wa kuzuia bei ya kutupa, na karakana ikapumua. Barua ya uamuzi ilitiwa katika fremu ya mbao, ikatundikwa ofisini juu ya kiti cha mzee. Seremala aliyeitengeneza fremu ile alikuwa mtu mkarimu wa mbao: ukingo wake ulikuwa mpana, ukafunika mstari wa mwisho wa barua. Mstari huo ulisema kwamba ushuru utapitiwa upya kila baada ya miaka mitano.

Miaka mitano ilitimia siku ya Jumatano. Aliyeleta habari ni mjukuu wake, mtoto wa marehemu mwanawe, binti aliyekuwa akishika karatasi zote za karakana. Mafundi walimwita Dada Karani. Alikuja na gazeti la serikali, amelikunja mahali penye tangazo.

"Babu, tume inapitia upya ushuru wa flanji."

"Soma."

Akasoma ukurasa wa kwanza. Kwamba serikali imeanza mapitio. Kwamba kila mhusika mwenye nia ya kushiriki aiarifu tume kwa maandishi ndani ya siku kumi na tano.

Mzee Nukta alimsikiliza amefumba macho, kama alivyokuwa akiwasikiliza walimu wake zamani. Alipoyafumbua yalikuwa yametulia kabisa. "Vyema. Mwenye la kusema aseme. Sisi tulikwisha kusema, tukasikiwa. Asiyeridhika ni yule wa upande wa pili, basi na ajitokeze."

"Kuna ukurasa wa pili, Babu."

"Wa kwanza umenitosha."

"Lakini nafikiri ingekuwa vizuri tuwaandikie, hata mistari miwili tu..."

"Mjukuu wangu." Aliinua kidole kuelekea ile fremu. "Nyumba niliyokwisha kukaribishwa ndani, leo nitoke nje nikabishe hodi upya? Nikawaambie nini? Kwamba nina wasiwasi na haki waliyonipa wenyewe? Huko ni kujidhalilisha, na ni kuwatukana pia. Jumatatu nitawatangazia mafundi."

Jumatatu ikafika. Mstari ukapangwa. Mzee alisoma tangazo kwa sauti yake ya darasani, akaeleza kwamba karakana haitajibu kitu, kwa sababu asiye na pingamizi hanyanyui mkono. "Kuna neno?"

Fundi mkerezaji, rika lake na mtani wake wa miaka arobaini, ambaye kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake aliitwa Tupa, kama ile ya kusugulia chuma, alimnong'oneza jirani yake, "Neno liko, ila limeomba likizo." Jirani akauma midomo asicheke.

Mlangoni mwa ofisi, Dada Karani alikuwa ameshika ukurasa wa pili. Alivuta pumzi. Midomo yake ilifunguka, na mzee aliiona ikifunguka. Akamtazama. Hakumkunjia uso, alimtazama tu, kama mtu anavyotazama mlango uliosahauliwa wazi. Binti akainamisha macho.

Nyundo ikashuka. "Nukta."

Siku mbili baadaye mzee aliikuta barua iliyopigwa chapa vizuri katika sinia lake la karatasi, ikingoja saini. Aliona kichwa chake: Taarifa ya Nia ya Kushiriki. Hakusoma zaidi. Alifungua mtoto wa meza, akaitia humo, akamwita mjukuu wake.

"Nimegonga au sijagonga?"

"Umegonga, Babu."

"Basi."

Tangu siku hiyo binti hakulitaja tena jambo lile. Siku kumi na tano zikapita, kila moja kwa joto lake na jasho lake. Ilipoisha ya mwisho, Mzee Nukta alimwambia Tupa kwa majivuno kidogo, "Unaona? Kimya. Hata hao wageni hawakuthubutu."

"Au wamelala," Tupa alisema.

"Waache walale."

Barua ya tume ilikuja mwezi wa tatu baada ya hapo. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwenye fremu. Ilisema kwamba ushuru wa flanji umeondolewa.

Mzee aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Kisha akavaa koti lake jeusi, akatia flanji katika mfuko ule ule wa turubai, akaenda.

Ofisa aliyempokea alikuwa kijana mwenye miwani na adabu. Aliinuka, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza nani alisema uongo juu yangu."

"Hakuna, mzee wangu."

"Haiwezekani. Ushuru ulikuwepo, leo haupo. Walioingiza mali wamekuja kuwaambia nini? Nipe maneno yao niyajibu moja moja. Nimekuja na flanji."

Kijana alivua miwani, akaifuta, ijapokuwa haikuwa na vumbi. Akafungua jalada. Ndani mlikuwa na tangazo lile la gazetini, na barua ile fupi, basi. Kati ya karatasi hizo mbili hapakuwa na kitu.

"Hawakusema neno," alisema. "Hawakuhitaji. Katika mapitio haya, mzee, tunamwuliza mtengenezaji wa hapa nchini: bado unauhitaji ushuru? Akisema ndiyo, tunaanza kuchunguza. Asipojibu, tunahesabu kwamba hauhitaji, na ushuru unakufa wenyewe. Na mtengenezaji mmebaki ninyi peke yenu. Tulingoja barua yenu mpaka saa ya mwisho. Mimi mwenyewe nilishuka kwa wapokeaji wa barua mara mbili nikaulize kama imeingia."

"Asiyejibu amekubali," mzee alisema taratibu.

"Ndiyo, mzee. Amekubali uondolewe. Imeandikwa ukurasa wa pili."

Mzee Nukta aliligeuza tangazo lililokuwa jaladani, akauona ukurasa huo. Masikio yalimvuma. Halafu akauliza, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa unyonge, "Nikiandika leo?"

"Siku zimepita, na sheria hainiachii nafasi hata ya tundu la sindano. Mnaweza kuleta lalamiko jipya, kama lile la kwanza. Lakini lazima mwonyeshe madhara: kazi zilizopotea, mashine zilizozimwa."

"Yaani tufe kwanza, ndipo tuulizwe tunaumwa wapi."

Kijana aliinuka. Alimsindikiza hadi mlangoni akiwa amembebea mfuko, na mzee, ambaye hakuwahi kumwachia mtu mwingine mzigo wake, alimwachia.

Aliporudi ofisini kwake alifungua mtoto wa meza. Barua ilikuwa pale alipoitia. Aliisoma sasa, kutoka juu hadi chini. Kila kitu kilikuwamo: jina la karakana, idadi ya mafundi, flanji zilizotengenezwa kwa mwaka, nambari ya tangazo, na mwishoni sentensi moja iliyoeleza kwa adabu kwamba kwa mujibu wa ukurasa wa pili, kutojibu kutahesabiwa kuwa ni kuuacha ushuru. Tarehe yake ilikuwa ya siku ya saba. Zilikuwa zimebaki siku nane nzima. Hapakupungua kitu ila saini yake.

Akamwita mjukuu wake. Binti aliona barua mezani, akasimama palepale kizingitini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ile, Babu. Kesho yake baada ya gazeti kuja. Nilisoma ukurasa wa pili."

"Na siku ile ya Jumatatu ulikuwa nao mkononi."

"Ndiyo."

"Na hukusema." Sauti yake ilianza kupanda. "Watu arobaini na mmoja, na kazi ya wazee wanne, na wewe unajua, na hukusema! Ulikuwa na ulimi, au uliuweka rehani? Ungepiga kelele! Ungelala kwenye fuawe! Kwa nini hukusema?"

Dada Karani alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Alijibu kama mtoto mwema anavyojibu swali alilofundishwa tangu utotoni.

"Uligonga, Babu."

Mzee akakaa. Alitafuta neno la kulifungia jambo lile, hakulipata. Nje mashine zilikuwa zikiendelea kulia, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alizisikia, moja moja.

Kilichofuata hakikuwa na mshindo. Mwezi uliofuata Tupa aliingia ofisini na kitu kilichofungwa katika karatasi ya mafuta, akakiweka mezani. Ilikuwa flanji ya kigeni, mpya, inang'aa.

"Idara ya maji wanazipanga ghalani kwao kama sahani," alisema. "Ukiuliza bei, unaweza kudhani wamekosea. Nimeinunua uitazame. Pengine ina ila."

Mzee alichukua kile kipimo cha chuma cha marehemu baba yake, akapima unene, akapima tundu la kati, akapima matundu ya bolti, moja baada ya jingine. Alipima kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitamani ila kama mgonjwa anavyotamani usingizi.

"Vipi?" Tupa aliuliza.

"Nzuri."

"Nzuri kiasi gani?"

"Nzuri," mzee alisema, akairudishia karatasi yake taratibu.

Tupa, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, aliutafuta mdomoni, akatoka bila kuupata.

Oda zilikoma kama bomba linavyokauka: kwanza shinikizo lilipungua, kisha matone, kisha hewa tupu. Mashine za kukereza zilizimwa sita, halafu kumi. Mzee aliandika lalamiko jipya kwa mkono wake, na kila ukurasa aliusoma hadi mwisho. Tume ilimjibu kwa heshima kwamba uchunguzi, ukikubaliwa, utachukua si chini ya mwaka. Alipiga hesabu ya makaa yaliyobaki kwa tanuri: majuma matano. Mafundi walianza kuaga mmoja mmoja, na kila aliyeaga alisimama mbele yake, akampa mkono kwa mikono miwili, akainama, wala hakumlaumu. Laiti wangemlaumu! Angetoa koti lake jeusi kwa mtu yeyote ambaye angemwambia usoni, "Umetuua kwa kiburi chako." Hakuna aliyesema. Alikuwa amewafunza vizuri mno.

Jumatatu ya mwisho tanuri halikuwashwa. Banda lilikuwa baridi, na ubaridi huo ulikuwa na harufu ambayo hakuna aliyeijua, harufu ya masizi yaliyolala. Waliobaki walikuwa kumi na tisa, wengi wao vijana, kwa kuwa vijana ndio waliokuwa bado wanatumaini. Walipanga mstari wao kama kawaida, Tupa mwishoni, na Dada Karani mlangoni.

Mzee Nukta alisimama mbele ya fuawe, nyundo mkononi. Hakuwa na karatasi ya kusoma.

"Leo tunafunga," alisema. "Hakuna mwizi aliyetuingilia. Hakuna adui aliyesema neno. Niliulizwa swali na serikali, nikanyamaza, nikidhani dunia yote ina desturi ya banda hili. Kosa ni langu. Alikuwapo aliyejua, naye nilimfunga mdomo kwa macho yangu, na barua yake nikaifungia mezani. Nalisema hili mbele yenu ili lisije likasimuliwa vinginevyo."

Akawageukia wote.

"Sasa nauliza. Kuna neno?"

Akangoja pumzi tatu. Akangoja ya nne na ya kumi. Safari hii alikuwa akingoja kweli; aliwatazama uso kwa uso, kama anayeomba maji. Kijana mmoja wa tanuri alimeza mate. Tupa alitazama viatu vyake. Dada Karani aliufungua mdomo, akaufunga, na machozi yakamshuka bila sauti. Miaka thelathini ya nyundo ilikuwa imekaa juu ya ndimi zao, na leo hakuna aliyejua inavyoondolewa.

Mzee aliinua nyundo kwa mazoea. Ikabaki hewani. Hakuweza kuishusha, kwa maana safari hii hakujua wamekubali nini. Mkono wa ukoo ambao haukutetemeka kwa vizazi vinne ukaanza kutetemeka mbele ya macho ya watu wote. Akailaza nyundo chini, juu ya vumbi.

"Basi nisikilizeni, ninyi vijana," alisema, na ile sauti ya darasani ikamrudia, kali, imenyooka. "Sitaki mniheshimu chini ya mlivyoniheshimu. Amkieni wakubwa, wapisheni njia, simameni wanapoingia. Lakini karatasi isomeni hadi ukurasa wa mwisho, na mkijua jambo ambalo mkubwa wenu halijui, lisemeni. Lisemeni kabla ya nyundo, na mkichelewa lisemeni baada ya nyundo, na akiwakunjia uso lisemeni mara ya tatu. Adabu ninayoitaka kwenu tangu leo ni hiyo. Siwaombi. Nawaagiza, na ndilo agizo la mwisho mtakalolipata kwangu."

Upepo ulitikisa bati. Hakuna aliyejibu.

"Mmenisikia?"

Walisimama mstarini, wima, macho chini, kama walivyofundishwa.

"Nimeuliza, mmenisikia? Msininyamazie. Wewe, na wewe, na wewe mjukuu wangu hapo mlangoni: inueni nyuso zenu mnijibu!"